Risasi na Chubwi: Kutafuta Vita Chini ya Uwanda wa Kiuyu

Ukishika mashine ya kutambua metali ukaanza kutembea nayo Kiuyu Mbuyuni, kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Pemba, hutafika mbali kabla haijalia. Italilia msumari ulioanguka mtu alipokuwa akiezeka bati. Italilia kizibo cha soda, ndoana iliyokatika, kipande cha waya, betri ya redio iliyotupwa miaka ishirini iliyopita. Siku ya tatu, Mungu akijaalia, itatoa mlio mwingine, wa juu na safi, na ukifukua taratibu kwa mwiko utakuta kidude kizito cha ukubwa wa gololi, cheupe kwa nje kana kwamba kimepakwa chokaa. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Kidude hicho kinaweza kuwa kilifyatuliwa na mpiganaji wa Mombasa karne mbili zilizopita. Kinaweza vilevile kuwa chubwi la mshipi wa mvuvi aliyekaa hapo kivulini kutengeneza zana zake.

Kiswahili chenyewe kinalibeba tatizo hili. Risasi ni metali, na risasi ni kile kitokacho kwenye mtutu wa bunduki. Wazee wetu hawakuona haja ya majina mawili, kwa kuwa waliokuwa nayo waliiyeyusha na kuimimina kufuata haja ya siku hiyo. Mtafiti wa akiolojia ya vita hana ruhusa hiyo. Ni lazima aseme hii ni ya vita na hii ni ya uvuvi, tena aseme kwa ushahidi.

Mimi naamini mashine hiyo inafaa ijaribiwe Pemba. Lakini faida yake haitatokana na kuokota vitu. Itatokana na kuandika kila kitu pale kilipolala, pamoja na vile visivyopendeza, na kuwahesabu wanaoishi juu ya ardhi hiyo kuwa ni sehemu ya ushahidi wenyewe.

Kwa muda mrefu wanaakiolojia waliichukia mashine hii, na walikuwa na sababu. Ilikuwa chombo cha wasaka hazina, watu wanaochimba usiku na kuondoka na sarafu wakiacha mashimo. Mambo yalianza kubadilika Marekani, kwenye uwanja wa Little Bighorn, ambako Juni 1876 Walakota na Wacheyenne waliwashinda askari wa George Custer. Agosti 1983 moto uliunguza nyasi za uwanja ule na kuiacha ardhi wazi. Mwaka 1984 na 1985 Douglas Scott na Richard Fox wakapeleka kikosi cha watu wa kujitolea wenye mashine, wakitembea kwa safu, wakiachana kwa hatua chache, na kila mlio ukachomekewa kibendera. Hakuna aliyeruhusiwa kuokota. Nyuma yao walikuja wafukuaji, nyuma ya wafukuaji wakaja wapimaji walioandika mahali, kina na upande kitu kilikoelekea.

Kilichofuata kilikuwa kama kazi ya polisi. Pini ya kila bunduki huacha alama yake kwenye kitako cha ganda la risasi, hivyo maganda mawili yaliyookotwa mbalimbali yakiwa na alama ileile ni bunduki ileile iliyohama. Kwa njia hiyo watafiti waliweza kufuata mwendo wa silaha mojamoja uwanjani. Pia waligundua kwamba wenyeji walikuwa na bunduki nyingi za kisasa za kufyatua mfululizo, jambo ambalo wazee wa Kilakota na Kicheyenne walikuwa wamelisimulia kwa miaka mia moja bila kupewa uzito. Msomaji wa Pemba na akae na hilo kidogo, maana nitalirudia.

Ujerumani, mwaka 1987, ofisa wa jeshi la Uingereza aitwaye Tony Clunn alianza kutafuta Kalkriese akapata sarafu za Kirumi. Sarafu peke yake zingeweza kuwa za mfanyabiashara. Kilichobadili maana ni vidonge vidogo vya risasi vya kutupia kwa kombeo, kwa sababu mfanyabiashara habebi kombeo la vita. Leo wataalamu wengi wanaamini kwamba hapo ndipo jeshi la Varus, jemadari wa Kirumi, lilipoangamizwa mwaka 9 baada ya Kristo. Na Uingereza, uwanja wa Bosworth, alikouawa Mfalme Richard III mwaka 1485, ulikuwa umewekewa jengo la kumbukumbu kwenye kilima ambacho watu waliamini ndipo mahali penyewe. Glenn Foard na wenzake wakapima ardhi kuanzia mwaka 2005 na kukaa miaka kadhaa bila kupata kitu cha maana, hadi walipofika bondeni, kilomita kama 3 kutoka kilima kile. Hapo zikatoka risasi za mviringo zaidi ya 30 na beji ndogo ya fedha yenye umbo la nguruwe mwitu, alama ya mfalme huyo.

Tukija kwetu, swali la kwanza ni vita gani hasa tunavitafuta. Mashine haina akili ya kujua. Ukiingia shambani bila swali utatoka na ndoo ya vyuma chakavu.

Mnamo mwaka 1510 Wareno wakiongozwa na Duarte de Lemos walipita visiwa hivi kudai kodi. Wapemba wengi walikimbilia Mombasa na kuwaachia nyumba tupu. Tukio la namna hiyo ni kubwa katika historia ya kisiwa, lakini mashine haitalisikia: kijiji kilichokimbiwa hakiachi risasi ardhini. Majivu, vyungu vilivyovunjwa na mlango uliong'olewa ni ushahidi wa mchimbaji mwenye mwiko, si wa mwenye mashine.

Vita vinavyonipa matumaini ni vya baadaye. Katika karne ya 18 Wamazrui wa Mombasa waliishika Pemba, na mpunga wa Pemba ukailisha Mombasa. Takriban mwaka 1812 majeshi ya Mombasa na Pate yalishuka Shela, kisiwani Lamu, yakashindwa vibaya. Mifupa ya waliokufa iliendelea kuonekana kwenye vilima vya mchanga kwa miaka mingi. Watu wa Lamu wakamwita Sayyid Said bin Sultan wa Oman awalinde, na kutoka hapo mizani ya nguvu katika pwani yote ikageuka. Kati ya mwaka 1822 na 1823 Wamazrui waliipoteza Pemba kwa Mabusaidi, ukoo wa Sayyid Said, wakajaribu kuirudisha, wakashindwa. Februari 1824 walimwomba Kapteni William Owen wa Uingereza bendera ya nchi yake ipandishwe Mombasa, na moja ya tamaa zao kubwa ilikuwa kusaidiwa kuirudisha Pemba. Ulinzi huo ulikufa mwaka 1826 bila wao kukipata kisiwa.

Kiuyu haina jina kubwa vitabuni kama la Shela. Naitazama kwa sababu ya jiografia. Mombasa iko kilomita kama 100 kaskazini, na chombo kinachotoka huko wakati wa kaskazi kinaifikia Pemba kwa upande wa juu. Pwani ya mashariki imezungushiwa mwamba, kwa hiyo chombo hakishushi watu popote kinapotaka, kinatafuta mlango. Na katika wilaya hiyohiyo ya Micheweni, upande wa magharibi wa Kiuyu, ipo Chwaka, ambayo magofu yake yanajulikana kwa jina la Haruni, na pale pana makaburi yanayohusishwa na Wamazrui. Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walifanya utafiti mrefu Tumbe na Chwaka, wakaonyesha kwamba Tumbe ilikuwa makazi makubwa kati ya karne ya 7 na ya 10, na kwamba Chwaka ilishamiri baada yake ikiwa mji wenye miskiti. Eneo hili lilikuwa na watu na mali kwa zaidi ya miaka elfu moja. Anayetaka kuiteka Pemba kutoka kaskazini hawezi kulipuuza.

Pemba pia ina vita ambavyo ushahidi wake umo majini. Tarehe 3 Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg wa meli ya London, iliyokuwa imetia nanga Unguja kwa ajili ya kuzuia biashara ya watumwa, aliuawa karibu na Pemba katika mapambano na jahazi la watumwa lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Mapambano yale yalikuwa ya bunduki kwa karibu sana, chombo kwa chombo. Maganda na risasi zake ziko chini ya mchanga wa bahari, na mashine ya nchi kavu haina kazi huko. Nayataja ili tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya vita vya Waswahili ilipiganwa kwenye maji na ufukweni, mahali pagumu kuliko nyasi za Marekani.

Ugumu huo una sababu ya kisayansi. Mashine hutoa uga wa sumaku kupitia koili yake, uga huo huamsha mkondo mdogo wa umeme ndani ya kitu cha metali, na mkondo huo hurudisha uga wake ambao mashine huugeuza kuwa sauti. Kwa kitu cha ukubwa wa sarafu, mashine ya kawaida huishia kwenye kina cha sentimita 20 au 25 hivi. Maji ya chumvi nayo hupitisha umeme, kwa hiyo mchanga uliolowa bahari huzifanya mashine nyingi kupiga kelele bila sababu. Zipo mashine za aina nyingine zinazotuma uga huo kwa mapigo ya ghafla na kustahimili chumvi, ila hizo hazijui vizuri kutofautisha chuma na shaba.

Ukipanda juu kidogo kutoka ufukweni, Kiuyu inakuwa rafiki wa utafiti. Ile ni ardhi ya uwanda, maweni matupu, mwamba wa matumbawe uliofunikwa na udongo mchache uliojaa kwenye mifuko ya mawe. Mkulima anapanda muhogo au mtama penye tundu la udongo. Kwa mkulima huo ni umaskini. Kwa mwenye mashine ni neema, kwa sababu risasi iliyoanguka mwaka 1823 haina pa kuzama. Chokaa ya matumbawe pia haina madini ya chuma mengi ya kuisumbua mashine, tofauti na udongo mwekundu wa sehemu nyingi za bara. Na mikarafuu, ambayo imefanya ardhi ya magharibi ya Pemba ilimwe na kufukuliwa kwa vizazi, haikustawi uwandani.

Lakini uwanda una adui wake. Mawe ya Micheweni hupasuliwa kuwa kokoto, na kazi hiyo hufanywa na kina mama wengi wanaokaa juani na nyundo mkononi. Mawe mengine huingia kwenye tanuu la chokaa. Kila futi ya mwamba inayoondolewa huondoka na kilichokuwa kimejificha kwenye nyufa zake. Siwalaumu hata kidogo, maana ndio ugali wa nyumba zao. Nasema tu kwamba mtafiti atakayekuja baada ya miaka hamsini atakuta ardhi nyingine, na kwamba mtu anayejua zaidi kilichomo ndani ya mawe ya Kiuyu leo huenda ni yule mama mwenye nyundo kuliko profesa yeyote.

Sasa tuseme mashine imelia na kidonge cha risasi kimepatikana. Tutajuaje? Risasi ya bunduki ya mrao au ya gobori ni duara, na uzito wake unatuambia upana wa mtutu ulioitoa. Iliyogonga mwamba au mfupa hubonyea upande mmoja. Iliyodondoka mfukoni bila kufyatuliwa hubaki mviringo na mara nyingi huonyesha mshono wa kalibu. Chubwi kwa kawaida lina tundu au mfuo wa kupitishia uzi. Kwa kimoja kimoja, basi, inawezekana kuamua. Vita, hata hivyo, havithibitishwi na kidonge kimoja, kwani watu pia waliwinda na kufyatua hewani siku ya harusi. Vita ni mpangilio: risasi zisizofyatuliwa zikiwa zimekusanyika mahali watu waliposimama, zilizobonyea zikiwa mbele yao kwa umbali unaolingana na nguvu ya bunduki za zama hizo, na labda kitanzi cha shaba cha ala ya jambia katikati. Mpangilio huo ukiuvuruga kwa kuokota, umeufuta kabisa.

Hapa Kiuyu inanitia wasiwasi kuliko mahali pengine. Risasi ni metali inayoyeyuka kwenye moto wa jikoni. Kijiji cha wavuvi kilichopata uwanja wenye risasi mia mbili juu ya mawe kisingeziacha pale. Zingegeuka machubwi ndani ya mwezi, na machubwi hayo yangetawanyika kuanzia Kojani hadi Tanga. Panga na mikuki ziliondoka na washindi au zikaenda kwa mhunzi. Vichwa vya mishale vya chuma, katika hewa ya chumvi, vimekuwa kutu. Hivyo ukimya wa mashine Kiuyu hauwezi kusomwa kama ushahidi wa amani. Mtafiti yeyote atakayeandika kwamba hakuna vita vilivyotokea kwa kuwa hakupata kitu, atakuwa amepima uvumilivu wake mwenyewe, hakupima ardhi.

Kuna upendeleo mwingine unaoniuma zaidi. Mashine husema kwa niaba ya aliyekuwa na metali. Tazama vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji walilivamia boma la Mahenge wakapokewa na bunduki za rashasha. Leo risasi za Wajerumani zitaonyesha mahali Waafrika walipouawa, lakini rungu na mshale wa mti havionyeshi walikotoka wala walivyojipanga. Nancy Rushohora, mwanaakiolojia wa Kitanzania aliyefanya utafiti wa akiolojia ya Majimaji kusini mwa nchi, hakuitegemea ardhi peke yake. Amefuata kumbukumbu za watu, makaburi na mahali panapokumbukwa kwa maumivu. Naona hiyo ndiyo njia ya Pemba pia. Wapemba waliopigana upande wa Mazrui au wa Mabusaidi hawakuwa wote na bunduki, na askari wa mkuki naye ni askari.

Vita vya kwanza vya dunia ni rahisi zaidi, na pengine vijana wetu wa vyuo wangepaswa kujifunzia huko kabla ya kuja visiwani. Kenya, katika Taita Taveta, ipo Mbuyuni nyingine, ambako Waingereza walirudishwa nyuma tarehe 14 Julai 1915, na jirani yake kipo kilima cha Salaita walikoshindwa tena tarehe 12 Februari 1916. Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871 zenye risasi ya milimita 11 na baruti ya moshi, wakati jeshi lililotoka India lilibeba bunduki za Uingereza za milimita 7.7. Ganda moja linatosha kukueleza nani alisimama pale. Kwa mwanafunzi ni darasa zuri kuliko lolote, kwa sharti la kufundishwa kwanza kwamba bomu la mwaka 1914 bado linaweza kuua.

Mtu anayesoma haya anaweza kuwa ameshaanza kuuliza bei ya mashine. Ndiyo hofu yangu ya kweli. Bara, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaijua vizuri, na wapo watu ambao kwa miaka mingi wamefukua misingi ya maboma na kung'oa mawe ya mipaka wakitafuta mali za Mjerumani. Pemba ina kishawishi chake. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, upande wa magharibi wa kisiwa, Mark Horton na wenzake walipata zaidi ya sarafu 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu zile za fedha ni ndogo na nyepesi mno. Thamani yake kubwa ni majina ya watawala wa hapa yaliyochapwa juu yake, ambao baadhi yao bila sarafu hizo tusingewajua. Mwizi angeziuza kwa uzito.

Zanzibar ina sheria yake ya kulinda mambo ya kale, yenye asili ya amri ya mwaka 1927, na bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mambo haya si ya Muungano, kwa hiyo kibali cha Dar es Salaam hakichimbi Pemba. Sheria lakini haikai Kiuyu usiku. Anayekaa ni sheha na watu wa shehia yake. Utafiti utakaoanza kwa gari la wageni na mashine zinazolia, bila mkutano wa wazi wa kueleza kinachotafutwa na kinachofanywa na kilichopatikana, utawafundisha vijana jambo moja tu, kwamba chini kuna pesa. Na pale palipouawa watu pana makaburi, yawe na mawe ya mashahidi au hayana. Waislamu wa Kiuyu wana haki ya kusema hapa pasiguswe, na neno hilo liwe la mwisho.

Kama ningeulizwa pa kuanzia, nisingeanza na mashine. Ningeanza na barza. Ningekaa na wavuvi wazee niwaulize milango ya mwamba, ipi hupitika kwa jahazi na kwa msimu gani, kisha niwaulize majina ya viwanja, visima na miti, na ni wapi watoto walikatazwa kucheza na kwa sababu gani. Wazee wa Kilakota walisema kweli kwa miaka mia moja kabla mashine haijawaunga mkono. Baada ya hapo ndipo ningechora mistari michache juu ya uwanda, kutoka kila mlango kuelekea penye maji ya kunywa, kwa sababu jeshi lililoshuka chomboni huenda kwenye maji kwanza. Kwenye mistari hiyo mashine isizimwe masikio kwa chuma, hata kama misumari ya bati itatuchosha. Msumari nao uandikwe.

Na ningeomba jambo moja la ziada, dogo, ambalo halihitaji kufukua. Kila nyumba ya mvuvi Kiuyu ina machubwi, mengine yamerithiwa. Tuyapime uzito mbele ya wenyewe, tukwangue chembe isiyoonekana kwa macho, tuyarudishe siku hiyohiyo. Maabara inaweza kusoma asili ya risasi kwa uwiano wa isotopu zake na kusema mgodi wake ulikuwa nchi gani, japokuwa risasi ya migodi miwili ikiyeyushwa pamoja jibu huwa gumu. Chubwi la risasi iliyotoka mbali, lililoyeyushwa zamani na mtu ambaye jina lake bado linakumbukwa na wajukuu, na wajukuu hao wakajua babu aliiokota wapi, linaweza kutupeleka uwanjani mapema kuliko mashine.